Mizani ya Ermengol

Mwalimu aliyaandika mapigano ubaoni kwa chaki:
Jarama, Brunete, Belchite, Teruel, Ebro,
kila moja na mwaka wake, na mshindi wake,
ambaye alikuwa yule yule mmoja,
naye alitutazama kutoka kwenye fremu juu ya ubao.
Tuliyakariri kwa sauti, kama jedwali la saba mara saba.

Nyumbani yalihesabiwa vingine.
Jarama ilikuwa barua ya mjomba Baldiri,
ndani yake jani la mzeituni lenye tundu,
na neno "salama" limeandikwa mara tatu,
ndipo mama akajua si salama.
Brunete ilikuwa kiu: mjomba alirudi likizo
akanywa mtungi mzima amesimama,
hakumsalimu mtu.
Belchite hakuisimulia. Ukiitaja, aliacha kijiko mezani akatoka.
Teruel ilikuwa vidole vinne vya mguu wa kushoto;
baridi ilivila kabla daktari hajavikata.

Na Ebro ilikuwa mlango wetu.
Walikuja vijana wawili, usiku wa Agosti,
mashavu yao vumbi tupu.
"Tuna mwenzetu kule mlimani, mama, na machela zimekwisha."
Wakaomba radhi. Wakaung'oa kwenye bawaba.
"Tutaurudisha kesho."
Mama alisimama na ufunguo mkononi,
akiutazama mlango wake ukipanda mlima kwa miguu minne.

Vita vilipokwisha, mlima Pàndols ulizaa chuma.
Mizabibu yetu ilikuwa vijiti vya mkaa,
basi baba, asiyejua kusoma, alikopa pesa akanunua mizani.
Alfajiri tulipanda, yeye na gunia, mimi na ndoo.
Shaba ilikuwa na bei. Risasi nayo ilikuwa na bei.
Chuma chenye kutu kilinunua mkate, si siagi.
Kombora zima usiliguse, Remei. Kombora zima niite.
Mtoto wa kina Fontanet hakumwita mtu.

Usiku tuliziyeyusha risasi jikoni,
katika sufuria ambayo mama hakuipikia tena.
Nikamuuliza zipi za wetu, zipi za wao.
Akakoroga.
Risasi ikishayeyuka, alisema,
haikumbuki ilitoka kwenye bunduki ya nani.

Mifupa hatukuipima.
Baba alivua kofia, akasema, "Samahani, kijana,"
akaifungua bakoli ya mkanda, kwa maana ilikuwa ya shaba,
kisha akachimba.
Sikumwona akilia ila mara moja,
na siku hiyo bakoli yenyewe ilikuwa ya bati.

Mwaka wa tatu, chini ya jabali refu,
ndoo yangu iligonga kitu cha mraba:
kitasa, na kipande cha ubao bado kimekishika,
rangi ya bluu, ile bluu ambayo mama aliichanganya mwenyewe
kwa sababu ya dukani ilikuwa ghali.
Pembeni palikuwa na viatu. Nilihesabu jozi tatu.
Vyote vidole vyake vilielekea bondeni, kwetu.

Baba alikaa chini muda mrefu.
Tulichimba hadi jua likatua,
hatukushuka na hata gramu moja siku hiyo.

Mama alikipaka kitasa mafuta ya zeituni,
akautoa ufunguo kwenye aproni.
Ulikataa. Akautoa, akaupuliza, akajaribu tena.
Ukazunguka mara mbili, kama zamani.

Mnunuzi wa vyuma alipokuja na punda wake
alikiona juu ya meza, akauliza kilo ngapi.
"Hicho hakipimwi," baba akasema,
akamjazia risasi zaidi ili asiulize tena.

Kesho yake mwalimu aliniita ubaoni.
Ebro, Remei. Mwaka? Siku ngapi? Nani alishinda?
Nikataja mwaka. Nikataja siku, mia moja na kumi na tano.
La tatu nililijua pia, lilikuwa linanitazama ukutani.
Chaki ikakatika mkononi mwangu,
nikainama kuitafuta,
na sikuharakisha kuinuka.